Umenunua nyumba Mangobo: paa kwanza, karo itangoja

Feza ya mina haiji sawa na mshahara wa mwalimu. Kwa ndugu anayechimba zahabu upande wa Banalia ao Bafwasende, miezi inaweza kupita bila kitu, kisha siku moja mfuko unajaa. Kwa yule wa kampuni, ni prime, ni malipo ya mwisho wa kontra, ao ni deni ya miezi mingi inayolipwa kwa mara moja. Siku ile, wengi wetu tunawaza kitu kimoja: parseli mjini Kisangani, nyumba ya watoto. Na wengi wanaitafuta Mangobo, fasi familia zao ziko tayari, fasi soko na masomo haviko mbali.

Sisi wa sendika tunasifu wazo hilo. Shimo linaisha, kontra inaisha, kifua kinachoka na vumbi. Nyumba inabaki. Ndugu zetu wa Katanga wanajua jambo hili vizuri: mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa ile programu ya kuondoka kwa hiari iliyolipiwa na Benki ya Dunia. Walipewa feza mara moja, na kisha hakukuwa tena mwisho wa mwezi. Feza ya mara moja inaomba akili ya namna yake.

Lakini tumeona pia nyumba za namna hii: mbele rangi nzuri, mlango wa chuma, karo inang'aa ndani ya salo, na usiku wa mvua mama ya nyumba anapanga masufuria matatu chini ya paa. Feza iliishia chini ya miguu, na maji yanatoka juu ya kichwa. Tunaandika leo juu ya jambo hilo. Nyumba ya zamani uliyonunua, utaitengeneza wewe mwenyewe, bila kampuni ya ujenzi. Basi wewe ndiye mkubwa wa shantie na mtunza feza. Namna gani feza itoshe mpaka mwisho?

Mbele ya nyundo, karatasi

Kutengeneza nyumba ambayo kesho mtu atakunyang'anya ni kutengenezea mwengine. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na karatasi yenye nguvu ni ile inayoitwa certificat d'enregistrement, inayotoka kwa konservateri wa mambo ya udongo. Karatasi ya kuuziana iliyoandikwa mbele ya chef wa avenue ni ushahidi wa kwanza, lakini safari haijafika.

Angalia tena nani ametia sinyatiri. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaomba bwana na bibi wakubaliane wote wawili wakati wa kuhamisha haki ya parseli. Kama bwana peke yake amekuuzia na bibi hakuwa pale, usinunue hata kilo moja ya misumari. Kama ni nyumba ya urisi, tafuta sinyatiri ya warisi wote, hata yule aliye Kinshasa ao Bunia.

Gharama ya karatasi iingie ndani ya hesabu ya nyumba tangu siku ya kwanza. Wengi wanaiacha pembeni, wanasema watafanya kisha. Kisha haifiki.

Itembelee nyumba siku ya mvua

Siku ya jua kila nyumba ni nzuri. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ekwateri, mvua ya mwaka inapita milimita 1.600, na hakuna mwezi unaokauka kabisa. Adui wa kwanza wa nyumba yetu ni maji. Ingia siku mvua inanyesha, na kaye mkononi. Andika: maji yanatoka wapi juu? Yanasimama wapi chini? Ukuta gani uko na doa la unyevu, na linapanda mpaka wapi? Parseli ya jirani inamwaga maji yake wapi?

Kisha gonga mbao za paa kwa kisu. Kisu kikiingia kama ndani ya ndizi, mchwa wamekula na paa nzima inaomba mbao mpya. Angalia nyufa. Ufa mwembamba wa krepi si kitu. Ufa unaopita kidole, unaopanda kama ngazi katikati ya matofali, ni fondasio inayoshuka: fundi auangalie mbele ya kazi nyingine yote.

Hapa Kisangani kuna sababu ingine ya kuangalia nyufa. Vita ya Siku Sita, tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, iliangusha mabomu maelfu juu ya mji. Umoja wa Mataifa ulihesabu nyumba zaidi ya 4.000 zilizobomoka ao kuharibika. Nyumba nyingi zilifunikwa tu na krepi na rangi, na zimeuzwa mara mbili, mara tatu tangu hapo. Uliza majirani wazee wa avenue, wao wanajua ukuta gani ulipigwa. Na ukichimba shimo la choo, chuma kigeni kikitokea, simamisha kazi, ondoa watoto, peleka habari kwa wakubwa wa serikali. Usikiguse kwa mpini.

Gawa feza ingali nzima

Tuseme uko na dola 3.000. Hizi si bei za soko, ni mfano wa namna ya kugawa:

— karatasi na mapimo: 150
— paa (mbao, mabati, misumari, fundi): 1.100
— kuta, nyufa, milango na madirisha: 650
— choo, mifereji, njia ya maji: 400
— umeme: 150
— plafo na rangi: 100
— akiba ya ajali: 450

Jumla 3.000. Ndani ya kila fungu, usafiri uko tayari: motari, toleka, puspusi, watu wa kushusha mizigo. Usafiri ndio unaokula feza kimya kimya.

Akiba ile ya 450 ni sehemu 15 kwa 100. Katika nyumba ya zamani haiwezi kushuka chini ya hapo, sababu hujui ukuta unaficha nini mpaka uufungue. Akiba si ya karo. Si ya matanga pia, hata kama ni vigumu kusema hivyo katika familia zetu. Matanga na ugonjwa viwe na mfuko wao, likelemba ni ya kazi hiyo.

Mtu atauliza: na karo? Na ukuta wa parseli? Karo itangoja. Sakafu ya simenti iliyolainishwa vizuri inakaa miaka mingi. Karo ikiwekwa mbele ya paa, mafundi wa paa wataivunja kwa ngazi na nyundo, na utailipa mara ya pili. Mpango ni huu: paa, kisha maji kuzunguka nyumba, kisha kuta, kisha milango na umeme, kisha mapambo. Kila hatua ikiisha, familia inaweza kuingia na kulala, hata kama zahabu imekatika mwaka mzima. Kodi unayoacha kulipa fasi nyingine, hiyo ndiyo feza ya hatua inayofuata.

Hesabu unaweza kufanya mwenyewe

Fundi akisema anahitaji mabati 70, usibishane. Chukua metre. Tuseme paa iko na pande mbili, kila upande urefu metre 10 na mteremko metre 5,70. Bati la metre 3, likiisha kupandana na la jirani, linafunika upana wa karibu sentimetre 75 (pima lile unalouziwa, hayalingani). Ukigawa 10 kwa 0,75, unapata 13 na kitu: weka mabati 14 kwa mstari. Kwa mteremko unahitaji mistari miwili: 3 na 3 ni 6, toa sentimetre 20 za kupandana, inabaki 5,80, inatosha. Mabati 28 kila upande, 56 kwa paa nzima, na mabati ya kilele juu yake. Kama fundi anadai 70, muulize kwa heshima yale 14 yanaenda kufunika nini. Labda iko na sababu. Labda anajenga kwake.

Angalia tena uzito. Namba ya BG ikipanda, bati linakuwa jembamba: BG 28 ni nzito kuliko BG 32. Bati jembamba ni rahisi leo, lakini upepo wa mvua kubwa unalikunja. Kama feza haitoshi, afazali kufunika vyumba viwili na bati nzito kuliko vyumba vinne na karatasi.

Simenti pia inahesabika. Kwa krepi, mfuko mmoja wa kilo 50 na burweti mbili na nusu za mchanga unafunika karibu metre kare 8 ao 9, kwa unene wa sentimetre moja na nusu. Chumba cha metre 4 kwa 3, kuta metre 2,80: mzunguko ni metre 14, mara 2,80 ni 39. Toa mlango na dirisha, inabaki kama 36. Mifuko 4, weka 5. Ukiona mifuko 9 imeandikwa kwa chumba kile, simama.

Nini inunuliwe mara moja, nini kidogo kidogo

Simenti yetu inatoka mbali. Ingine inapanda mto tangu Kinshasa, safari inayopita kilometre 1.700, ingine inatoka Uganda kwa barabara ya Ituri na Bafwasende. Baleinière ikichelewa, barabara ikikatika ao usalama ukiharibika, bei inaruka ndani ya wiki moja. Kwa hiyo watu wanapenda kununua mifuko yote siku moja. Lakini simenti haipendi unyevu wa Kisangani. Ikikaa chini, inageuka jiwe. Nunua ile ya kazi ya wiki mbili ao tatu, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, funika na sheting.

Mabati hayaozi: hayo unaweza kununua yote ukipata feza. Mbao pia nunua mapema, kwa sababu ingine: mbao mbichi iliyotoka porini jana itapinda ikikaukia juu ya paa, na bati litafunguka. Ipange chini ya kivuli, weka vijiti katikati ya mbao na mbao ili hewa ipite, ikae wiki nyingi. Kwa paa, limbali ni mti mgumu tunaoupata kwetu. Mbao nyeupe nyepesi ni bei ndogo, lakini mchwa wanazipenda kama watoto wanavyopenda sukari.

Kazi ya paa, ipange kwa mwezi wa kwanza ao wa pili, wakati mvua inapungua. Wale wanaofungua paa mwezi wa kumi wanalipia haraka yao.

Fundi alipwe kwa kazi inayoonekana

Hatusemi mafundi ni wezi. Ni wafanyakazi sawa na sisi, na sisi wa sendika hatuwezi kuwafundisha watu kumnyima mfanyakazi jasho lake. Lakini fundi aliyelipwa yote mbele ataenda kuanza shantie ingine, sababu naye watoto wanakula. Kontra iliyoandikwa inawalinda wote wawili.

Andikeni kwenye kaye: kazi gani, kwa siku ngapi, kwa bei gani, nani analeta vyombo, nani analisha wasaidizi. Wote wawili watie sinyatiri, na shahidi mmoja. Lipa kwa kazi, si kwa siku. Tuseme mkono wa paa ni dola 200: toa 40 siku ya kuanza, 100 mbao na mabati yakiisha kukaa juu, na 60 za mwisho mvua kubwa ya kwanza ikiisha kupita. Mvua ndiyo kontrolere asiyekula rushwa. Na ikipita bila tone, lipa zile 60 siku ileile. Fundi aliyelipwa vizuri atarudi siku utakapomhitaji.

Kila jioni hesabu mifuko mitupu ya simenti. Mfuko mtupu ubaki kwako mpaka mwisho wa kazi. Mitatu imetoka, mitatu mitupu irudi. Ni jambo dogo, na linaondoa maneno mengi.

Mama ndiye mkubwa wa shantie

Tuseme wazi: mwenye feza yuko kwenye shimo, na mwenye nyumba yuko Mangobo. Kwa kweli, nyumba nyingi za wachimbaji zinasimamiwa na wanamama. Shida ni kwamba wanapewa kazi bila kupewa mamlaka. Feza inatumwa kwa ndugu ya bwana, mama anapika chakula cha mafundi, na siku hesabu haiingii, wote wanamwangalia yeye.

Tunajua familia moja iliyofanya ingine. Bwana anafanya kazi upande wa Haut-Uele, anarudi baada ya miezi. Bibi anauza mchele na mafuta ya mawese. Walipatana mambo matatu, wakayaambia familia yote mbele ya kuanza: feza inaingia kwa simu ya bibi tu, haitumwi yote, inatumwa kwa hatua, na kila hatua mpya inangoja picha ya hatua iliyoisha pamoja na picha ya ukurasa wa kaye. Kaye iko na mistari mitatu: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki.

Shemeji alikasirika. Alitaka ukuta wa mbele na mlango mkubwa, ili watu wa avenue wajue kaka yake anafanya kazi. Kulikuwa maneno, hata kikao cha familia. Mama hakubadili mpango: paa kwanza, kisha mfereji. Alikuwa amefanya hesabu moja rahisi. Paa inayofunika metre kare 100, mvua ya milimita 20 inaangusha juu yake litre 2.000 za maji. Yakianguka kando ya ukuta kila mara, yanakula fondasio. Alichimba mfereji, akaweka mapipa kwa maji ya kufulia, akapatana na jirani wa chini maji yapite wapi. Pale katikati kontra ya bwana ilisimamishwa miezi mingi. Shantie ilisimama pia, lakini watoto walikuwa wamekwisha kulala ndani, kavu, bila kodi. Ukuta wa mbele haujajengwa mpaka leo. Wanaishi na uzio wa mianzi.

Kuhusu choo tuongeze neno moja. Wataalamu wa usafi wanaomba metre 30 katikati ya shimo la choo na kisima. Ndani ya parseli ndogo haiwezekani peke yako, maana kisima kinaweza kuwa cha jirani. Basi kaeni pamoja, majirani wanne, pimeni mbele ya kuchimba. Kipindupindu hakijui mpaka wa parseli.

Kazi ya sendika iko wapi?

Kwanza, kwenye bileti ya mshahara. Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 haichanganyi feza ya nyumba na mshahara. Ni kitu chenye jina lake. Wewe wa kampuni, angalia kama mstari ule uko kwenye bileti yako. Kama hauko, na hupewi nyumba, muulize delege wako. Na kama uko, utoe pembeni kila mwezi. Feza iliyoitwa ya nyumba iende kwenye nyumba.

Pili, kununua pamoja. Familia tano zinazotengeneza nyumba Mangobo zikienda kwa muuzaji mmoja kutafuta mabati 250, zitasikia bei ingine, na motari moja itabeba mizigo yote. Kwa wale wa kuchimba kwa mikono, wasio na bileti wala delege, njia hii ndiyo iko karibu zaidi: likelemba ya mabati badala ya likelemba ya feza. Mwezi huu paa la yule, mwezi ujao paa la huyu. Feza inayopita mkononi inayeyuka. Bati lililopigiliwa msumari halikopeshwi kwa mtu.

Tunawaomba wanamama na wanababa wa Mangobo wenye shantie, ao wanaofikiri kuanza, wanunue kaye leo, hata kama feza haijafika. Ukurasa wa kwanza waandike mapimo ya nyumba. Ukurasa wa pili, fasi maji yanapotoka. Siku zahabu itakapozungumza, kaye itakuwa imeisha kusema feza iende wapi.